Waliomwoza Kadzo kwa Midomo Yao

Kuti lililolowekwa lina harufu ambayo sijaikuta kwingine: maji yaliyolala, chumvi kidogo, na kitu kama mkate uliosahauliwa ndani ya mfuko. Juzi tulipomzika dada yangu Kadzo, vijana walileta mzigo wa makuti mapya ili wawaezekee wapishi kivuli nyuma ya nyumba, na upepo ukaileta harufu ile mpaka pale nilipokaa mimi na wenzangu wa rika langu. Nikafumba macho. Nilitaka kukaa na dada yangu kidogo kwa njia ya pua, maana kwa njia ya macho ilikuwa basi.

Hawakuniacha. Kushoto kwangu wajukuu wangu wawili wa kike walikuwa wameinamia simu moja, wanabishana juu ya mchezo wanaoufuata kila wiki. Humo mna msichana anaitwa Shani, mna daktari mmoja, na mna kijana mpiga picha. Huyu mjukuu anasema Shani akimkosa daktari yeye haangalii tena. Yule anasema daktari hana moyo, ana koti tu. Na wana wenzao huko ndani ya simu, watu wasiojuana wala kusalimiana, wamegawanyika kambi mbili na wanatukanana kwa ajili ya harusi ya mtu ambaye hayupo. Kaburi bado liko wazi, mjukuu wangu ananigeukia: "Nyanya, wewe uko upande gani?"

Nikamwambia ngoja kwanza. Kwa sababu upande wangu wa kulia nako kulikuwa na mambo. Watu wazima, mvi tupu, wenye fimbo na meno ya kuhesabu, walikuwa wananong'onezana kwamba Kadzo hakuolewa maisha yake yote kwa ajili ya Charo mgema. "Mapenzi ya zamani hayo," mmoja wenu akasema, na kutikisa kichwa kama aliyekuwepo. Hakuwepo. Mimi nilikuwepo. Basi nawaandikia nyinyi, wa upande wa kulia. Darasa niliishia la tatu na kalamu naishika kama jembe, lakini jembe nalo hulima.

Kwetu kulikuwa Kisauni, huku kwa nyuma, njia ya kuelekea Bamburi, wakati ambapo kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na minazi na si ukuta wa jirani. Baba alikuwa kibarua wa kuvunja mawe machimboni. Jioni akirudi alikuwa mweupe kama aliyeanguka ndani ya unga. Mama, shangazi yetu Mbodze, na jirani yetu Mama Mwende aliyetoka bara na mumewe wa bandarini, walishona makuti. Dada yangu Kadzo alishona nao, na alikuwa msichana mkubwa tayari, wa kutazamwa. Mimi nilikuwa mtoto wa kutumwa maji.

Kazi yenyewe kwa asiyeijua ni hivi. Kuti kavu linalowekwa mpaka lilainike. Majani yanachambuliwa, yanakunjwa moja moja juu ya ufito, kila jani likimlalia mwenzake, halafu yanashonwa kwa ung'ong'o, yaani ule uzi unaochunwa kwenye kuti lenyewe. Ukimaliza ufito una kipande cha paa. Unakitupa kwenye rundo, unachukua ufito mwingine. Mikono inafanya kazi na mdomo hauna kazi, na hapo ndipo ubaya wote unapoanzia.

Maana shangazi alikuwa na redio. Betri zake zilianikwa juani kama dagaa ili zipate nguvu tena, na kila Jumapili baada ya ibada redio iliwekwa juu ya kinu, katikati, kama mgeni wa heshima. Kulikuwa na mchezo humo, wa kuendelea wiki hadi wiki. Msichana wake aliitwa Mwanaidi. Alikuwa na sauti ya kukaribia kulia hata akiomba chumvi. Na walikuwako wanaume wawili wanaomtaka: Hamidu, karani mwenye viatu vinavyolia, na Sudi, fundi wa baiskeli. Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi, uliisha kabla uji haujapoa. Lakini maneno juu yake yalidumu mpaka Jumapili ya pili.

"Hamidu ana kazi ya kalamu," mama alisema. "Mvua inyeshe, jua liwake, mshahara uko palepale."

"Mshahara uko palepale, na moyo uko wapi?" Shangazi Mbodze hakuinua uso kutoka kwenye ufito wake. "Ulimsikia alivyocheka jana? Mwanamume anayechekea puani usimpe binti yako."

"Sudi naye mikono imejaa girisi."

"Girisi hutoka kwa sabuni, wifi yangu. Ubahili hautoki hata kwa majivu."

Mama Mwende alikuwa mtu wa katikati, na watu wa katikati ndio wachochezi wakubwa. "Kwetu Machakos," alisema, "msichana kama huyu angepelekwa kwa mamake mkubwa akatulize kichwa, halafu ndio aulizwe."

"Kwani kwenu Machakos kuna redio?"

"Zipo. Tumewaachia nyinyi makuti."

Wakacheka. Walikuwa wanachekesha, siwanyimi hilo. Walimjua Mwanaidi kuliko daktari anavyomjua mgonjwa. Akivuta pumzi tu, shangazi anasema, "Hiyo ni pumzi ya Sudi, hiyo si ya Hamidu." Mama anasema, "Nyamaza, hiyo ni pumzi ya njaa, hajala tangu wiki jana." Walijua anaota nini. Walijua atazaa watoto wa aina gani na nani. Mara moja walinuniana siku nzima, mama na shangazi, mpaka baba akadhani kuna aliyefariki.

Siku moja nikauliza swali. Nilikuwa nimesimama na ndoo, nikasema, "Mwanaidi anafanya kazi gani?"

Wote watatu wakanitazama kama kuku aliyebisha hodi.

"Kazi?" Mama akasema. "Anaposwa. Nenda kalete maji."

Mimi nilikuwa mtoto, na ujinga wa mtoto una udhuru. Niliamini kabisa kwamba mama na wenzake ni wazee wa Mwanaidi, kama vile posa ya msichana yeyote inavyozungumzwa na shangazi zake, na kwamba watu wa redio wanangoja uamuzi wa kwetu uani kabla ya Jumapili kufika. Basi wakienda kupika, mimi naisogelea redio kwa nyuma, kwenye vile vitundu vyenye harufu ya vumbi la moto, na kumpa Mwanaidi taarifa. "Leo wamesema Sudi. Mama hajakubali bado. Shangazi anakuambia ule." Ikitokea Jumapili Mwanaidi kamfurahia Sudi, natembea kifua mbele uani kote. Ni mimi niliyefikisha ujumbe.

Udhuru wangu mmeusikia. Wa wale wakubwa watatu sijaupata mpaka leo.

Kwa sababu wakati huohuo pale kwenye majamvi alikuwa ameketi msichana wa nyama na damu. Kadzo alishona upesi kuliko wote na alizungumza kidogo kuliko wote. Kwetu ilikuwa mwiko kumtaja mposaji mbele ya msichana kabla tembo la mnazi halijaletwa nyumbani. Wakitaja, posa inavunjika, ndivyo tulivyoamini. Kwa hiyo lilipokuja jambo la Kadzo, wale wanawake hawakupata taabu. Walitumia majina ya redioni. Karani mmoja wa ghala kule Changamwe alikuwa amemwona Kadzo kanisani na kutuma watu. Basi mama akisema "Hamidu alituma salamu," mwenye akili alijua ni karani yupi. Na alikuwako Charo, kijana mgema, aliyepanda minazi ya jirani asubuhi na jioni kugema tembo, na aliyetuletea makuti makavu tuliyoshona. Shangazi alipomwona akishuka mnazini alisema, "Sudi huyo, na mguu wake mzuri." Mimi sikujua. Nilidhani Mwanaidi kahamia mtaa wa pili.

Wakagawanyika vilevile. Mama kwa karani. Shangazi kwa mgema. Mama Mwende katikati na kijiti chake cha kuchochea. Na kila jioni walimwoza Kadzo, mara kwa huyu mara kwa yule, yeye ameketi hapohapo, anakunja jani juu ya ufito, anakunja jani.

Hakuna aliyemuuliza. Nataka mlisome hilo neno mara mbili. Walijua pumzi ya Mwanaidi ni ya nani, na binti yao hawakujua anatazama wapi.

Mimi nilijua anakotazama, kwa sababu mtoto yuko chini na huona macho ya watu. Alikuwa anatazama lori. Kila baada ya siku kadhaa lilikuja lori kuchukua makuti yetu, likapakiwa mpaka likawa refu kama nyumba, na likaondoka likiyumba. Siku moja linaondoka, Kadzo akaniuliza, "Unajua haya makuti yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda na lori."

"Na lori linakwenda wapi?"

"Mbali."

"Mbali ndio wapi?" Akasimama kulitazama mpaka vumbi likatua. "Nashona tangu nina umri wako. Sijaona hata paa moja nililolishona mimi."

Na nyinyi msianze na dereva sasa. Nawajua. Dereva alikuwa mzee wa kuitwa babu, na alikuwa analala usingizi wakati wa kupakia. Dada yangu alikuwa anatazama lori.

Ikafika siku ya tembo. Sisi ni watu wa kanisa, lakini posa ya kwetu haikuanza na maombi, ilianza na kibuyu. Mchungaji alilijua hilo na siku kama hizo alijua kuchelewa. Watu wa mposaji huleta kibuyu cha tembo la mnazi, kinawekwa jikoni kivulini mpaka wazee waketi. Kisha baba wa msichana ndiye wa kwanza kuonja, kwa mrija. Akinywa na kumpa mwenzake, maneno yanaendelea, na msichana anaitwa aulizwe kama wanywe au wasinywe, na msichana anainamisha kichwa, na kichwa kilichoinama huhesabiwa ni ndiyo. Mwaona jinsi swali lilivyowekwa. Hakuna pa kuweka la. Lakini baba akilaza mrija juu ya mdomo wa kibuyu, maneno yamekwisha. Tembo halikumridhisha, na tembo baya ni dharau.

Kibuyu kililetwa asubuhi na vijana wa karani. Karani mwenyewe alikuja saa ya wazee, soksi nyeupe, na mimi nikajificha nyuma ya mlango nikingoja acheke, maana nilijua sasa kwamba huyu ndiye Hamidu katoka redioni. Akacheka. Akachekea mdomoni kama watu wote. Nilisikitika sana.

Nikaenda jikoni kwa huzuni yangu. Kadzo alikuwa peke yake. Amechutama mbele ya kibuyu, kata ya maji mkononi, na anamimina. Alimimina taratibu, kata ya kwanza, akakitikisa kibuyu, akasikiliza, kama mtu anayesikiliza nazi kama ina maji. Akachota tena. Akainua macho akaniona.

Mimi sikuona kitu cha kusemwa. Kwetu wageni wakizidi mama aliongeza maji kwenye mchuzi. Wageni wa siku ile walikuwa wengi, mabenchi yameazimwa mpaka kanisani. Nikaona dada yangu ana adabu, hataki mtu akose. Nikamshikia kata.

Baba alivuta mrija mara moja. Mimi nilikuwa mlangoni. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hicho ndicho kilichowatisha watu. Akautoa mrija, akaupangusa kwa vidole viwili, akaulaza juu ya mdomo wa kibuyu.

"Tumeshukuru kwa kututembelea," akasema. "Chai ipo."

Karani akainuka. "Mzee, kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndilo neno langu, hakuna kitu humu."

"Mzee, tembo hili nimenunua kwa mgema wenu mwenyewe. Kwa Charo. Nimechagua mwenyewe."

Charo akaitwa, akaja na kisu chake cha kugemea kiunoni, akapewa mrija, akaonja, akatema. "Langu hili, na si langu," akasema. "Tembo langu halijawahi kuona maji." Kisha akatazama miguu yake, maana alikuwa kijana mpole na watu wote walikuwa wanamtazama yeye.

Hapo ndipo ningependa kuwashika masikio wale wanawake watatu, wakiwa kaburini walipo, na kuwageuza wamtazame Kadzo aliyesimama mlangoni mwa jikoni, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko. Hawakumtazama. Walikuwa wanatazamana wao kwa wao, na macho yanang'aa. Jumapili ilikuwa imekuja katikati ya wiki.

Jioni ile hawakuwasha hata redio. Hawakuihitaji.

"Mgema kalitia maji bila hata kusifiwa," akasema Mama Mwende.

"Wivu," akasema shangazi. "Wivu wa mapenzi. Niliwaambia. Mliuona mguu wake ulivyotetemeka? Kijana kaona wanamchukulia mchumba, kaharibu tembo lake mwenyewe, kaharibu jina lake, kwa ajili yake. Hata Sudi wa redioni asingeweza hilo."

Na mama yangu, aliyekuwa wa karani tangu mwanzo, akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Masikini," akasema. "Kumbe anampenda hivyo."

Ndivyo mapenzi ya Kadzo na Charo yalivyozaliwa. Yalizaliwa uani kwetu, juu ya rundo la makuti, na mama zake walikuwa watatu na baba hakuwepo. Kabla wiki haijaisha mtaa mzima ulikuwa unayalea. Charo mwenyewe akaletewa habari kwamba anapenda. Maskini ya Mungu, akaamini. Unapoambiwa na watu wote kwamba una homa, unaanza kujigusa paji la uso. Akaanza kuja na shati lililopigwa pasi, yeye ambaye tulimjua kwa kaptura. Siku moja akasimama mbele ya Kadzo na mzigo wa makuti kichwani, akasema, "Dada Kadzo, wanasema..."

"Nani wanasema?"

"Watu."

"Na wewe unasema nini?"

Charo akafikiri. Namheshimu kwa kufikiri kule. "Mimi ninasema makuti haya nimeyaanika siku nzima."

"Hayajakauka," Kadzo akasema. "Rudi nayo."

Ndiyo mapenzi yao hayo, kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka haukugeuka, Charo akaoa msichana wa Mtopanga.

Baada ya hapo lori lilikuja. Likapakiwa. Kadzo akafunga leso kiunoni vizuri, akaenda mpaka alipoketi baba akinoa patasi yake, akasema, "Baba, nakwenda na makuti. Nataka kuona yanapofika."

Baba alikuwa amechoka na wanawake wa nyumba yake, na habari ya kibuyu ilikuwa inamfuata mpaka machimboni. Alinoa kwanza. Kisha akasema, "Ukirudi na aibu, usirudi."

"Nitarudi na jibu," Kadzo akasema, na akapanda juu ya mzigo mbele ya watu wote, mchana kweupe.

Alirudi jioni. Nywele zimejaa vumbi la makuti, magoti yamechubuka, na uso wake sikuwa nimewahi kuuona. Wale watatu walikuwa wamekaa wakimngoja kama wanaongoja mchezo uanze.

"Haya," shangazi akasema, "umemkuta nani huko?"

Sikilizeni swali. Wangeweza kumuuliza ameona nini.

"Nimekuta paa," Kadzo akasema.

Wakatazamana. Mama Mwende akaguna. Usiku nikalala naye kitanda kimoja kama kawaida, akanieleza mimi, kwa kuwa mimi sikuuliza kitu. Akasema makuti yetu yanakwenda hoteli ya pwani, ng'ambo tu ya machimbo ya baba, na kwamba paa la huko lina urefu wa makanisa mawili. Akasema mafundi hawaanzi juu, wanaanza chini kabisa, kwenye ukingo, wanapanda safu kwa safu, kila safu ikiilalia ya chini yake ili maji yateremke yasiingie. Ukianzia juu, mvua ya kwanza inakuumbua. Akanionyesha kwa mikono gizani, kiganja juu ya kiganja. Nikalala kabla hajafika kileleni.

Mengine mnayajua, kwa kuwa mmelala chini ya mapaa yake. Aliwabebea mafundi makuti mpaka wakachoka kumfukuza, akapanda ngazi mpaka wakachoka kumteremsha. Walisema mwanamke akipanda paa nyumba haina baraka. Mapaa yake hayakuvuja, wakaiacha baraka kwa wenye baraka. Baadaye akawa na mafundi wake mwenyewe, na mimi nikamfuata, nikajifunza kununua na kuuza, na vyumba vyangu vya kupangisha hapa Kisauni, ambavyo baadhi yenu mnakaa na kunilipa mkinung'unika, vimetoka kwenye ule ufito na lile jani. Sikurithi tofali hata moja.

Mwanaidi wa redio, mkitaka kujua, aliolewa na Hamidu. Mama alishangilia, shangazi akaizima redio na kuigeuza uso ukutani. Kadzo hakusikia. Alikuwa juu ya paa la watu.

Miaka mingi ikapita kabla hatujalizungumza lile tembo. Tulikuwa juu ya paa la ukumbi mmoja, mimi na yeye, tunakagua kazi, miguu inaning'inia. Sisi wote tulikuwa watu wazima, mimi na watoto tayari. Chini mgema mmoja alikuwa anapita na vibuyu vyake.

"Lile tembo la karani," Kadzo akasema. "Ni mimi niliyelitia maji."

"Najua. Si nilikushikia kata."

Akanigeukia. "Uliona? Na hukusema?"

"Nilidhani wageni wamezidi."

Alicheka mpaka nikamshika mkono, maana paa lilikuwa la mteremko mkali. Alicheka na kunyamaza na kuanza tena. "Wageni wamezidi," alisema. "Kweli walizidi. Nyumba nzima ilikuwa imejaa Hamidu na Sudi."

Mimi nami, na akili zangu zote, na vyumba vyangu vyote, nikasema, "Lakini dada, nieleze ukweli. Ni Charo uliyekuwa unamtaka?"

Kicheko kikakatika. Alinitazama vile alivyokuwa akilitazama kuti bichi.

"Ah," akasema. "Kumbe nimekaa na Mama Mwende."

Akajivuta mbele kukagua safu nyingine. Sikumuuliza tena mpaka juzi tulipomfunika, na sasa siwezi.

Basi juzi, nyinyi wa upande wa kulia mkamfanyia nini? Mlimsukuma Charo wa watu, mzee na fimbo yake, mpaka mbele ya kaburi, ati atie udongo wa kwanza kwa sababu yeye anajua na marehemu alijua. Mmoja wenu akaanza kulia machozi ya kweli. Charo akashika udongo, akautazama, akanigeukia mimi.

"Dada yako alinirudishia makuti maisha yake yote," akasema. "Kila mzigo. 'Charo, hayajakauka, rudi nayo.' Sikuwahi kumshinda hata mara moja."

"Mlikuwa mnapendana," akasema yule anayelia.

"Mama," Charo akasema, "mke wangu ni yule pale anayekoroga pilau. Nenda kamuulize." Akatia udongo wake, akaenda kukaa.

Nikarudi kwenye kiti changu. Wajukuu hawakuwa wamemaliza. Bado Shani, bado daktari, bado mpiga picha. Mkubwa akanigusa goti. "Nyanya, hujajibu. Uko upande gani?"

"Huyo Shani," nikasema, "mnamfuata tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Hatujakosa hata wiki moja."

"Anafanya kazi gani?"

Mdogo akafungua mdomo. Mkubwa akamtazama mdogo. Wakarudi kwenye simu, wakaitazama, kama kwamba jibu lingeandikwa usoni pa yule msichana. Nikawangoja. Nina subira, nimekaa juu ya mapaa. Walijua daktari alimwambia nini kwenye mvua, na mpiga picha alimpa ua la rangi gani. Hawakujua anafanya kazi gani.

Nikashika fimbo yangu, nikainuka kwenda kwa wale vijana wanaoezeka kivuli cha wapishi, maana niliona kwa mbali wameanzia juu.